Mashine Iliyofukizwa

Bi Hajira alikipuliza kijinga cha moto mpaka ncha ikawa nyekundu, akasema bismillahi, akakiingiza ndani ya mashine ya mtindi ya mkwewe.

Kwao Mazingara ndivyo walivyofanya miaka yote. Kibuyu hakitiwi maziwa kabla ya kufukizwa. Mtindi wa umeme aliokuwa akipewa hapa Manundu ulikuwa mweupe na mzito, lakini haukunukia kitu. Hata hivyo Ikram, mke wa mwanawe Awadhi, alimpa yeye kikombe cha kwanza kila asubuhi, kabla hata ya mumewe. Leo Ikram alikuwa sokoni, na Bi Hajira alitaka kumlipa wema wake. Arudi, agandishe maziwa, mtindi utoke na harufu ya nyumbani.

Kibuyu hutoa moshi. Mashine ilitoa mlio. Plastiki ilijikunja kama jani la mgomba juu ya moto, na alipokichomoa kijinga, aliiona sakafu kupitia kitako chake.

Akaifunika. Akairudisha mezani, akaugeuza upande mzuri ukatazama mlango. Kisha akaenda kukaa na tasbihi yake, lakini kila akihesabu, hesabu ilimpotea.

Ikram hakuchukua muda kurudi, na pua yake ilitangulia.

“Nani kaniunguzia mashine yangu?”

Awadhi ndiye aliyeileta kutoka Dar. Majirani walikuwa wakija kutazama tu kile kitaa chake kikiwaka. Bi Hajira alifungua mdomo. Mwanamke wa miaka sabini na moja, na maneno yakamkwama kama mtoto aliyekojoa kitandani.

“Ni mimi, dada.”

Alikuwa Zamda, binti anayewasaidia kazi za nyumbani, amesimama mlangoni na unga mikononi. “Niliiweka juu ya jiko. Nikadhani limezimika.”

Zamda alitoka Magoma. Mama yake alimkabidhi kwa Ikram mkono kwa mkono, na Ikram hakuchoka kujisifu kwa wageni: “Huyu haondoki hapa, hata aje nani.” Siku hiyo hakujisifu.

“Juu ya jiko! Hayo ni macho au matundu? Funga mzigo wako. Kesho asubuhi urudi kwa mama yako!”

“Sawa, dada.”

Hakujitetea hata kidogo. Bi Hajira alimfuata uani, amejishika kiuno.

“Mwanangu, kwa nini umesema vile? Unajua si wewe.”

“Bibi, tulia. Usimwambie dada kitu.” Zamda alimshika mikono yote miwili. “Nakuomba sana, bibi. Usimwambie.”

Na jioni ile ile akamletea maji ya moto ya kukandia magoti, kama kila siku, huku akiimba polepole. Bi Hajira hakuweza kumtazama usoni. Binti wa watu anafukuzwa kwa kosa lake, na bado anamkanda. Alitamani ardhi immeze pamoja na beseni.

Asubuhi Zamda alimwamkia shikamoo ya mwisho, akajitwika begi, akaenda stendi. Bi Hajira alikaa mezani. Mbele yake Ikram aliweka kikombe.

“Leo nimekununulia wa dukani, mama. Nisingependa ukose.”

Hapo ndipo alipovunjika.

“Ikram, ni mimi niliyeiunguza. Nilikuwa naifukiza.”

“Unafukiza mashine, mama?” Kicheko kilimponyoka Ikram, kisha akajiziba mdomo. “Astaghfirullah! Na mtoto wa watu nimemtukana vile!”

Walikwenda wote wawili. Ikram alitaka kumwacha nyumbani kwa ajili ya magoti, lakini Bi Hajira alikataa. Aibu aliyoipanda mwenyewe, aivune mwenyewe. Basi la Magoma lilikuwa bado linajaza abiria, na Zamda alikuwa amekaa dirishani. Ikram alipanda, akampokonya begi mbele ya watu.

“Nisamehe, mdogo wangu. Mama amenieleza yote. Shuka twende nyumbani. Wallahi, kuanzia leo hatutengani mpaka nife!”

Abiria wakapiga makofi. “Shuka, dada, umesamehewa!” akapaza sauti mmoja.

Zamda alishuka polepole. Alipofika chini alimwangukia Bi Hajira begani, akalia mpaka khanga ikalowa. Bi Hajira alimpigapiga mgongoni. Tangu jana, hii ndiyo mara ya kwanza kifua kumwachia akavuta pumzi vizuri.

“Lia tu, mwanangu. Yamekwisha.”

“Bibi,” Zamda alimnong’oneza sikioni, “nimeposwa tangu mwezi wa saba, dada hataki kuniachia niende nikaolewe. Jana ndiyo alikuwa ameniachia.”