Nyuma ya Mizani ya Ngiri

Zamani hizo wanyama walipoanza kupeleka watoto kliniki, nesi wao alikuwa Ngiri. Alipima uzito, akakagua macho, meno na kwato, kisha akaita, "Mwingine!"

Siku moja Paa alimleta mwanawe. "Nesi, huyu nikimwita hageuki."

"Masikio ni kazi ya Popo, ng'ambo ya mto," Ngiri akamjibu. "Tena huyo haumwi, ni mkaidi tu. Wangu naye yuko hivyo hivyo. Kila siku namfinya masikio, wala habadiliki."

Paa hakuweza kuvuka mto. Wengine nao hawakuweza, ndiyo maana Popo alikaa miaka bila mgonjwa. Alipochoka kungoja, akavuka mwenyewe na kibuyu cha kokoto.

"Dada Ngiri, sihitaji chumba. Nipe nafasi nyuma ya mizani tu."

"Basi usinicheleweshee foleni," Ngiri akanung'unika.

Kila mtoto alipopanda mizani, Popo alitikisa kibuyu nyuma yake. Wengi waligeuka. Mtoto wa Paa hakugeuka. Popo akamchungulia masikio, akamsafisha usaha, akampa dawa. Siku ya saba Paa alimwita mwanawe, naye akaitika.

Jioni ile, foleni ilipokwisha, Ngiri alimpandisha mwanawe mwenyewe mizanini. Akasimama nyuma yake, akatikisa kibuyu. Akatikisa tena, kwa nguvu. Mtoto aliendelea kuchezea mkia wake.

Ngiri akayatazama yale masikio aliyoyafinya kila siku, na ambayo hakuwahi kuyachungulia hata mara moja.