Mnara wa Tisa

Mnara wa tisa ulihama kwa sababu ya kabati lisilo na milango.

Kabla ya hapo ramani ilikuwa imeshakamilika. Minara kumi na miwili ya umeme wa upepo, imepangwa baharini kama wanafunzi mstarini, na nyumba zote za ufukweni zimeikubali. Zote isipokuwa moja, ile ya mwisho kule juu ya jabali. Meli ya kreni ilishakodiwa. Ikifika na mama mwenye nyumba bado anatikisa kichwa, itageuza iende kazi nyingine, na kazi ya kwanza kubwa ya mpimaji itaota mbawa.

Ofisini walimpa mpimaji huyo jina la Rula. Akishaweka nukta kwenye ramani, haisogei hata umlilie.

"Karibu binti, pita," mama alisema. "Ila mlango usiuegemee. Umeshikwa na bawaba moja na huruma ya Mungu."

Sebuleni ndipo lilipokuwa kabati. Mbao nzuri, kazi safi, lakini mbele wazi kama kinywa cha kibogoyo. Juu yake patasi imelala kwenye vumbi.

"La mume wangu," mama alisema. "Seremala. Aliliacha hivyohivyo."

Rula akakosa pa kuweka macho. Kwenye kiti cha dirishani hakukuwa na mtu, koti la kiume tu. Mezani kulikuwa na sahani ya chakula, imefunikwa.

"Hiyo nayo ni yake," mama alisema alipomwona anaitazama. "Mazoea, mwanangu. Nafunika, kinapoa, nampa paka."

Akamshika mkono mpaka dirishani. "Unaliona lile jiwe lililotoboka? Pita juu yake, nyoosha moja kwa moja. Yuko pale. Kila asubuhi nikifungua dirisha, natazama palepale."

Rula alitazama. Aliona maji tu, na jua linalochoma macho.

"Pole sana, mama. Lakini usiwe na wasiwasi, hatutapagusa. Mnara wa tisa uko mbali kabisa na hapo."

"Ndiyo maana nimekataa. Mimi nautaka palepale."

Rula akashusha sauti. "Unataka uwe kama kumbukumbu?"

"Wewe uite unavyotaka." Mama akavuta pazia kidogo. "Na boti, zitapasogelea?"

"Hapana. Mnara ukisimama kuna mpaka wake, hata mtumbwi haupiti. Hatasumbuliwa na mtu."

"Kwa muda gani?"

"Miaka ishirini na tano."

Mama akapiga hesabu kimoyomoyo. "Itanitosha."

Wakati wa kuagana alimtwisha mfuko mzima wa samaki. "Chukua tu, mwanangu, nisaidie. Friji haifungi."

Bosi alidhani anataniwa. "Wewe, Rula? Usogeze mnara kwa ajili ya dirisha la mtu? Unajua maana yake? Tutoboe upya chini ya bahari, nyaya zipite kwingine, na wa kumi ukae nyuma ya mwenzake, ubaki kula makombo ya upepo?"

Rula hakubishana. Alimweleza habari za kabati. Kisha patasi. Alipofika kwenye sahani iliyofunikwa, bosi, ambaye hata kitunguu kilikuwa hakijawahi kumliza, akavua miwani.

"Kapimeni upya," akasema.

Walipima siku ya mvua, bahari tupu. Chini kulikuwa kugumu vizuri, afadhali hata kuliko pale pa mwanzo. Ila walikuta dumu jekundu linaelea, limefungwa kwa kamba yenye fundo la mtu makini. Rula alielewa mara moja kwamba ni alama ya kumbukumbu. Akaagiza liondolewe kwa mikono miwili, taratibu, kama mtoto aliyelala.

Mama akakubali siku hiyohiyo. Alikuwa na ombi dogo tu: kama inawezekana, waanze na huo wa tisa.

Wakaanza nao.

Meli ilishusha miguu yake minne mpaka chini, ikajiinua juu ya maji kama meza. Kreni ikainua nguzo ya chuma, nene kuliko chumba cha kulala, ikaisimamisha juu ya nukta ya Rula. Nyundo ikawekwa tayari.

"Subirini," Rula alisema. "Dakika moja tu, jamani. Kwa ajili ya mzee."

Habari za kabati zilikuwa zimeshazunguka meli nzima. Kofia ngumu zikavuliwa. Mwendesha kreni, mtu wa kutukana tangu asubuhi hadi jioni, akainamisha kichwa. Nahodha akapiga honi moja ndefu. Rula akatupa shada la maua, mkondo ukalichukua polepole, likapotea nyuma ya meli. Mchomeleaji mmoja alikuwa anafuta macho kwa glavu, akazidi kujipaka masizi.

Ndipo redio ikakwaruza. Ilikuwa boti ya ulinzi, upande wa pili.

"Msipige nyundo bado. Kuna mzee kapenya huku na kitumbwi, ana mshipi wa kuvulia na chupa ya chai, na amegoma kutoka. Anasema tangu astaafu useremala hapa ndipo kijiwe chake, na anataka dumu lake." Redio ikakwaruza tena. "Halafu kaokota maua. Anauliza nani kafa."