Moja Nukta Tano

Mama yule alitaka kila simu iandikwe moja nukta tano.

"Hapo kwenye kioo," alimwambia Erasto. "Moja, nukta, tano. Halafu nipe niione."

Erasto alikuwa ameuza simu pale Mwanga, Kigoma mjini, kwa miaka saba, na wateja wa kila namna alishawaona: wanaoijaribu kwa kumpigia hawara, wanaoinusa, wanaoiangusha makusudi waone kama ni imara. Wa nukta hakuwahi kumpata. Alifungua kikokotoo kwenye simu ya kwanza, akaandika, akampa.

Mama aliishika mbali na macho, mkono umenyooka, kisha akaigeuza na kuitazama kwa upande. "Nukta haionekani vizuri. Lete nyingine."

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sauti imemkauka kama ya mtu aliyetoka kuugua mafua. Nyuma yake alisimama kijana mrefu wa shati jeupe, ameinamisha kichwa. Erasto alifungua boksi la pili huku akiuliza, kama anavyowauliza wateja wote, "Nikuite mama nani?"

"Mama Oswald."

"Karibu, Mama Oswald. Simu ni ya kijana?"

"Ya kijana. Anasomea utabibu, mwaka wa tatu. Sasa hivi wanajifunzia wodini."

"Hongera, daktari." Erasto alimgeukia kijana. "Haya, Oswald, wewe mwenyewe unataka simu ya namna gani?"

Kijana alishtuka. Alimtazama mama. Mama akamwambia, "Mwonyeshe hiyo uliyo nayo."

Kijana alitoa simu mfukoni. Kioo kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe, na ufa mmoja mnene ulipita katikati kabisa, pale maandishi yanapokaa.

"Hii ndiyo unayosomea?"

"Vitabu vyote vimo humo," alisema kijana taratibu. "Na vipimo vya dawa. Ukiweka uzito wa mgonjwa, inakuambia umpe kiasi gani."

Lafudhi yake haikuwa ya Kigoma hata kidogo. Erasto alijisemea kwamba ndivyo chuo kinavyowabadilisha watoto wa watu.

"Sasa kwa kioo hiki, Oswald, nukta utaionea wapi?" alitania, akacheka. Alicheka peke yake.

Simu ya pili nayo ilikataliwa. Erasto alipanda kwenye stuli kushusha ya tatu, akaanza kuisifia kabla hajashuka. Kioo kikubwa. Chaji inakaa siku mbili. Ikianguka haipasuki ovyo.

"Mama, usininunulie," alisema kijana. "Mimi sirudi chuoni. Nimeshaandika barua ya kuacha."

"Utaenda kuichukua."

"Siwezi kuingia tena mle."

"Utaingia Jumatatu. Wodi ileile ya watoto. Umebakiza miezi mingapi?"

"Minne."

"Basi utamaliza. Kama hutamaliza, yote haya yatakuwa ya bure kabisa, na mimi hilo sitaliweza."

Erasto alimwonea uchungu mama yule. Yeye mwenyewe aliacha chuo cha ualimu kwa uvivu tu, na mama yake alikaa mwaka mzima bila kumsemesha. Aliona ana haki ya kusema neno.

"Oswald, mdogo wangu, msikilize mama yako. Unajua ni wangapi hapa mjini wanaitamani nafasi hiyo? Mzazi amejinyima, amekuja mwenyewe dukani, anakuchagulia simu kwa makini kuliko anavyochagua dagaa sokoni. Ukimwangusha huyu, utakuja kujilaumu maisha yako yote."

Kijana alianza kulia. Alilia bila kujificha, mikono imening'inia, hadi mteja aliyekuwa anaingia akageuza mlangoni. Erasto aliona aibu, akajifanya anafuta vumbi kwenye kabati. Mama hakumbembeleza kijana wala hakumkaripia. Alisubiri tu mpaka akatulia.

"Iandike na hiyo," alimwambia Erasto.

Erasto aliandika. Mama aliipeleka mbali, akaileta karibu, akatoka nayo hadi barazani kwenye jua kali, akarudi.

"Hii inaonekana," alisema. Alimwekea kijana mkononi. "Soma."

"Moja nukta tano."

"Soma tena."

"Moja nukta tano."

"Na usipoiona nukta?"

"Kumi na tano."

"Tunachukua hii," mama alimwambia Erasto.

Erasto aliifuta, akairudisha kwenye boksi lake pamoja na chaja, na kwa huruma akaongeza kava bila kuombwa. Kisha akavuta kadi ya waranti na kalamu.

"Jina kamili la mwenye simu. Oswald nani?"

"Vedasto," alisema kijana. "Vedasto Rwegasira."

Erasto aliacha kuandika. Alimtazama kijana, akamtazama mama.

"Si umesema wewe ni Mama Oswald?"

"Ndiye mimi," alisema mama. "Oswald wangu alikuwa darasa la kwanza, tumemzika Jumamosi kule Kidahwe. Huyu ndiye aliyemchoma sindano."