Mstari wa Chaki

Maji yaliingia zahanati bila hodi, yakapita chini ya kabati la chanjo lililoachwa tupu tangu asubuhi.

Asubuhi hiyo mwanafunzi, akitegemea vipimo vyake vya kujaa na kupwa kwa bahari, alichora mstari wa chaki ukutani, usawa wa goti, pale maji yatakapofikia, akamsihi muuguzi ahamishie chanjo zote ghorofani. Mlinzi alicheka mpaka machozi. "Binti, bahari ni shemeji yako, hata ikupe miadi?"

Sasa watatu hao walisimama ngazini. Maji yalipanda, yakaulamba mstari, weupe wa chaki ukatanda juu ya maji kama maziwa. Yakatulia papo hapo.

Muuguzi akapiga kigelegele.

Mlinzi akavua kofia, akamkabidhi mwanafunzi chaki kwa mikono miwili.

"Mwanangu, wa mwakani utauchora wapi?"