Foronya Nyeupe

Gamba la kwanza lilidondoka kutoka kichwani kwenye unga, la pili mezani, na msimamizi wa jiko la hoteli akayaona yote mawili.

"Nenda kajitibu, ndugu yangu," alimwambia mpishi wa mikate. "Nafasi yako naishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo siwezi."

Mpishi akaenda kwa mama yake, fundi cherehani aliyeishi peke yake tangu awe mjane. Miaka yote alikuwa akifika pale kama mtu aliyekuja kufuata moto. Safari hii alishusha sanduku zima.

Daktari alikuwa amemweleza kwamba soriasisi, ugonjwa huo wa ngozi, haiambukizi, ila ina kiburi. Apake dawa ya lami kichwani kila jioni, bila kuruka. "Itanuka, itachafua foronya, lakini wiki ya tatu utaona nafuu."

Alinunua tyubu nne. Mama akazipokea.

"Niachie mimi. Wewe huoni kisogo chako."

Kila jioni mama alitoka jikoni na kibakuli, dawa imeshakamuliwa. "Nimeichanganya na mafuta isikuunguze," alisema, akimpaka taratibu, mstari kwa mstari. "Na kichwa chenyewe kikubwa hivi, kama cha baba yako!"

Wiki ya tatu ikapita. Magamba yakashuka hadi nyuma ya masikio. Mpishi alijikuna mpaka akatoka damu, akaacha kutoka nje, akaacha hata kujitazama kwenye kioo. Foronya tu ndizo zilizobaki nyeupe, naye alimshukuru mama kwa kuzifua.

"Mama, nikikosa kazi hii nimekwisha."

"Utakwishaje na mimi nipo?"

Mwisho wa mwezi alimpigia msimamizi simu, akaomba wiki moja tu. Akajibiwa kwamba aproni yake imeshavaliwa na mtu mwingine.

Alilia kwa sauti, na mama akalia naye.

"Basi, baba, basi. Chumba chako kipo." Kisha akaenda kuinjika chai.

Mpishi hakuweza kutulia. Kichwa kilimwaka moto. Aliamua kuzikata nywele zote, liwalo na liwe, akavuta droo ya cherehani kutafuta mkasi.

Mkasi ulikuwepo. Chini yake, zimepangwa vizuri, zilikuwa tyubu zote nne, zimejaa, hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa.