Mikono ya Semeni

Siku hizi mtoto akiumia ubongo, hospitali humpandikizia mazoea ya mwili wa mzazi, ili viungo vijifunze upya haraka. Semeni wangu alipewa yangu baada ya ajali. Madaktari walisema ingechukua mwaka mzima. Mwanangu alisukuma chapati wiki ya tano, duara kama sahani.

“Mama, zako zina pembe,” akanitania.

“Mikono hiyo ni yangu, usiringe!”

Nilijivuna, sikatai. Kisha baba yake akainua mkono kuchukua kikombe kabatini, na Semeni akajikinga uso kwa kiwiko.

Mume wangu hajawahi kumpiga mtu. Aliyekuwa akinipiga ni baba yangu, na Semeni sijawahi kumsimulia.

“Mama, nimeogopa nini?”

“Sukuma nyingine,” nikamwambia.