Pete ya Korongo

Alikuwako Kunguru mmoja aliyeishi juu ya paa la msikiti, na kwa kuwa aliisikia adhana kwa karibu kuliko ndege wote, alijiona ameshika ufunguo wa pepo. Kila mwaka baridi ya Ulaya ilipokaza, Korongo alikuja kutua pale apumzike, na Kunguru alimwandama kwa mawaidha. Safari hii macho ya Kunguru yaliganda kwenye pete iliyokuwa iking'aa mguuni mwa mgeni.

"Nyie wa Ulaya roho zimewafia," akasema. "Dunia mmeivaa mpaka miguuni."

Korongo akainamisha shingo yake ndefu. "Ni kweli, Maalim. Kwetu tunakula tukavimbiwa, na usingizi hatuupati. Nivue."

"Basi fumba macho, umtaje Mola wako."

Kunguru akaichokonoa ile pete kwa mdomo hadi ikachomoka. Korongo alipofumbua macho, akaiona iko mguuni mwa Maalim.

"Naivaa mimi," Kunguru akasema kwa upole, "isije ikamfitini muumini mwingine."

Korongo akapaa, akijisikia mwepesi kuliko siku zote. Alipolizunguka paa akamwambia, "Maalim, nilisahau kukueleza. Hiyo si pambo. Kwetu kuna mabwana wanaotuvisha pete ili ijulikane sisi ni mali yao."

Adhana ikaanza. Kunguru hakuisikia. Alikuwa akipaza sauti kumuuliza Korongo kama mabwana hao wanalisha vizuri.